Jibu Lililokuja Wakati wa Maombi

Baba, mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado. Umelala kwenye kochi, mkono wa kulia umetulia kama unavyotulia ukipata usingizi, na jua bado liko juu ya ziwa. Lakini kesho asubuhi nyumba itajaa watu na mizigo, sidhani kama utapata nafasi ya kunipa shikamoo yangu. Kwa hiyo naipokea leo.

Shangazi akiiona barua hii atacheka, binti wa miaka kumi na tisa anamwita baba yake mwanangu. Halafu atanyamaza, maana yeye ndiye aliyesema siku nilipozaliwa kwamba nipewe jina la mama yenu, Minza. Tangu siku hiyo hukuniita kwa jina hata mara moja. Uliniita Mama. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unasimama mlangoni na mabuti yako meupe ya kiwandani, unaniuliza, "Mama, naomba ruhusa nikatafute riziki." Nami najibu, "Nenda, lakini usichelewe." Ukichelewa nakukunjia uso, na wewe unainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu. Mama aliyenizaa, Mungu amlaze pema, alikuwa anatutazama na mwiko mkononi. "Sasa nyie wawili," anasema, "ugali nasonga mimi au anasonga mama mkwe?"

Ulikuwa mchezo. Siku hizi nakufunga vifungo vya shati, nakukata kucha, nakushika kiuno tukivuka mtaro pale mbele ya nyumba, na wewe bado unaniita Mama, na hakuna anayecheka. Kuna asubuhi nilitamani uniite Minza, nisikie tena kwamba mimi ni mtoto wa mtu.

Sitakuandikia habari za dawa na saa zake. Hayo nimemweleza Shangazi kwa mdomo, amerudia yote bila kukosea. Nakuandikia yale nisiyoweza kuyasema mbele ya watu, na unanijua, mbele ya watu siwezi kusema karibu chochote.

Nianze na mkono. Ulikuwa mkata minofu, na nilikuwa najisifia shuleni. Sangara anakuja mezani mzima, kisu chako kinapita mara mbili, minofu inakwenda huku, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yanakwenda kule yanakongojewa na akina mama wa kuyakaanga. Mkono ulipoanza kutetemeka wote tulisema ni barafu. Wenzako walisema ni barafu, wewe ulisema ni barafu, Mama alikukanda kwa maji ya moto yenye chumvi kila jioni ili kuitoa hiyo barafu mifupani. Mtaa wetu wote wa Pasiansi una watu walioshika barafu ya samaki, wengi vidole vinawauma, kwa hiyo nani angefikiri vingine? Ulivaa glavu mbili. Mkono ukaendelea kutetemeka ndani ya glavu mbili. Mwishowe kisu kikakukata, ukapelekwa kuosha makreti, na kutoka kwenye makreti ukaletwa nyumbani.

Halafu ukaanza kutembea kwa hatua fupi, na jirani yetu muuza samaki akasema kwa sauti ili nimsikie, "Baba Minza siku hizi anaanza kunywa asubuhi eeh?" Ningeweza kumwambia hujawahi kuonja hata ya kuonjeshwa. Nilipita tu, ndoo kichwani.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa uso wako. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuletea simu, nikakuonyesha jina langu. Uliangalia, ukaniangalia mimi, na uso wako ukabaki vilevile kama mtu anayetazama ukuta. Niliingia chumbani nikalia. Nikasema moyoni, hata hili halimfurahishi. Kwa wiki nyingi nilikujibu kwa neno mojamoja. Sasa nakwambia ukweli, nilikuwa nakuadhibu, na wewe hukujua kosa lako.

Hadi siku daktari alipotuambia jina la ugonjwa. Alisema hata misuli ya uso inangoja ujumbe kutoka kichwani, na ujumbe haufiki inavyotakiwa. Akaniambia mimi, kwa sababu Mama alikuwa analia, "Binti, usiusome uso wake. Muulize." Tukiwa njiani nikakuuliza, "Mwanangu, siku ile ya matokeo ulifurahi?" Tulipita duka, tulipita kanisa, nikajua hukunisikia. Tulipofika getini ukasema, "Mama, nilitaka kuruka."

Nilipaswa kujifunza somo lote pale pale. Sikujifunza. Nilijifunza nusu.

Nilipofika kidato cha tano, mwalimu wa baiolojia alichora ubaoni seli mbili za neva, akatuonyesha kwamba hazigusani. Unakumbuka nilivyorudi mbio? Mama alikuwa ameshatutoka, tulikuwa wawili tu. Nilikuchorea nyuma ya kalenda. Nikakwambia ujumbe unakimbia ndani ya seli kama umeme, ukifika mwisho unakuta pengo. Pengo dogo ajabu, lakini umeme haurukii upande wa pili. Pale mwisho kuna vifuko vidogo vyenye kemikali. Vinapasuka, kemikali inamwagika kwenye pengo, inaelea mpaka ng'ambo, na ng'ambo kuna vipokezi vinavyoijua hiyo kemikali na siyo nyingine. Ikishika, ujumbe unaanza safari upya. Kisha pengo linasafishwa, kemikali inavunjwa au inarudishwa ilikotoka, ili ujumbe mwingine upite. Nikasema, "Ni kama kivuko cha Busisi cha zamani. Barabara inafika majini inaisha. Gari linapanda pantoni. Ng'ambo barabara inaanza tena."

"Sasa hivi Busisi kuna daraja," ulisema.

"Kichwani hawajajenga."

Uliitazama kalenda. "Kwa hiyo Mama, mimi pantoni zangu zimezama."

"Zinapungua, mwanangu. Seli zinazotengeneza hiyo kemikali yako, dopamini, zinakufa. Ujumbe upo. Unapanga foleni."

"Na fundi yuko wapi?"

Niliendelea kuchora. Ukajijibu mwenyewe, polepole, "Fundi yuko likizo." Ukatoa ile sauti ambayo siku hizi ndiyo kicheko chako, na mimi nikacheka kwa sababu ulitaka nicheke. Lakini nilikuwa nimeshasoma ukurasa unaofuata. Niliusoma mara nyingi nikitafuta sentensi iliyonipita. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakufa. Wakati Mama anakukanda kwa maji ya chumvi, zilikuwa zimeshakwenda, na hakuna ajuaye kuzirudisha. Sikuandikii kwamba utapona. Wengine watakwambia hivyo kesho pale kivukoni Kamanga, watakushika bega na kusema Mungu ni mwema. Wewe unanijua sisemi nisichokijua.

Kosa langu jingine ulilimeza wewe. Dopamini yenyewe haiwezi kutoka kwenye damu ikaingia ubongoni, kwa hiyo vidonge vyako ni malighafi tu, ubongo ndio unaitengeneza. Na malighafi hiyo inapita kwenye mlango uleule unaopitisha vipande vya protini ya chakula. Mimi sikujua. Nilijua mgonjwa anahitaji nguvu, na kwetu nguvu ni samaki. Kidonge na supu ya mapanki asubuhi. Kidonge na sato mchana. Kidonge na uji niliousagia dagaa jioni. Nilikuwa nakaa mbele yako mpaka bakuli linaisha. Ulipokuwa huwezi kuinuka saa nzima baada ya kula, niliongeza samaki. Kidonge kilikuwa kinafika mlangoni kinakuta umati wa samaki wangu, kinasukumwa nje. Tulipoteza miezi kwa njia hiyo, na baba mkubwa akaanza kusema dawa za hospitali hazikufai. Muuguzi mmoja alipouliza unakula nini na dawa, nilijibu kwa kujivuna kabisa. Akaniangalia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonifahamisha kabla hajafungua mdomo.

Ulivyonifariji siku ile sijasahau. "Mama, supu ilikuwa tamu."

Nimeyaandika haya kwa sababu yote yalinifikisha kwenye kikao cha ndugu zako cha Jumapili. Nilikuwa ndiye mtu pekee katika chumba kile aliyejua jinsi jibu lako linavyosafiri. Nimeishi na majibu yako. Najua nikikuuliza chai au maziwa, niende nikaanike nguo nirudi. Na najua kwa upande wangu pia, maana darasani mimi nilikuwa hivyohivyo bila ugonjwa wowote. Mwalimu anauliza, jibu ninalo, linapanda kifuani, linafika kooni, na kabla halijatoka ameshamwita mwingine. Walioketi nyuma yangu walikuwa wananiita Bubu. Kama kuna mtu aliyepaswa kuwaambia ndugu zako "msubirini", ni mimi.

Baba mkubwa alisema vizuri, simlaumu maneno yake. "Mdogo wangu, Minza anakwenda kambini, mafunzo ya jeshi hayana udhuru kwa waliomaliza kidato cha sita, na akitoka huko anaingia chuo. Huwezi kukaa peke yako. Tumeonelea uende kwa dada yako Sengerema. Unasemaje?"

Nikaona mdomo wako unajiandaa. Niliuona. Midomo ilisogea kidogo sana.

Shangazi akasema, "Kule kwangu kuna maziwa, utanenepa kama ndama wa kiangazi tutakusahau jina." Watu wakacheka. Baba mkubwa akangoja kama watu wanavyongoja, yaani hakungoja. "Mwoneni alivyotulia. Amekubali. Basi tuombe."

Tukainama. Baba mkubwa akaanza kuomba, na katikati ya kuomba, ulipokuwa umekaa ubavuni pangu, nikasikia, "Sitaki kwenda."

Nikafumbua macho. Vichwa vyote vimeinama. Wewe hukuwa umefumba. Ulikuwa unanitazama mimi, na uso wako haukuwa na kitu chochote, na nilikuwa nimeshafundishwa nisiusome. Ukasema tena, kwa sauti yako hii iliyobaki, ambayo haifiki hata mwisho wa meza, "Mama. Sitaki kwenda."

Kisha wakasema Amina. Shangazi akaniambia nilete chai. Nikaleta chai.

Nimekaa na chai hiyo siku zote hizi. Nilikuogesha, nilikulisha, nilipanga nguo zako kwenye begi, na hukunitajia neno lile tena, nami sikukuuliza. Ulikuwa umemaliza kusema. Ilikuwa zamu ya mtu mwingine. Nilijiambia neno lako lilimwagika kwenye pengo likapotea, kwamba nilikuwa mimi ng'ambo, na sikulipokea.

Leo mchana nikaenda kwa baba mkubwa. Nilitembea nikirudia sentensi moja njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani. Nilimkuta uani anakunja godoro lako lililotangulizwa kwake, anatafuta ncha ya kamba. Nikasimama. Akasema, "Karibu Mama, shika hapa." Maana na yeye ni mwana wa Minza, na yeye ananiita hivyo. Nikashika godoro. Nikasema, "Baba mkubwa, Baba alisema hataki kwenda."

Aliendelea kufunga fundo.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia lini?"

"Si wakati tunaomba? Nilikuwa naongea na Mungu nikamsikia mdogo wangu." Akavuta kamba kwa nguvu. "Nikaongeza sauti."

Nilifikiri nitakasirika. Nilingoja hasira ije kama ninavyokungoja wewe. Yeye akakaa juu ya godoro, mzee mzima, akapangusa shingo. "Shangazi yako naye alisikia. Aliniuliza tulipotoka, nikamwambia tembea."

"Sasa mbona mmenyamaza?"

"Ulitaka tuseme nini?" Hakuwa mkali. "Mimi nina vyumba viwili na wajukuu wanalala sebuleni. Wewe usipokwenda, nafasi ya chuo imekwenda, na yeye mwenyewe alikusomesha kwa mkono ule ule. Akibaki peke yake akaanguka jikoni, nani atasikia hiyo sauti? Mimi nimekaa naye meza moja nikaisikia kwa shida." Akainua macho. "Haya, wewe ndiye Minza. Mama yetu angekuwepo angesema nini? Tuambie tufanye."

Mwanangu, nilitafuta jibu. Nataka ujue nililitafuta kweli. Nilimwambia tumweke mtu wa kumlipa, akauliza tutamlipa nini, na yeye na mimi tunajua hatuna. Nilimwambia nibaki. Akasema, "Atakuona umekaa hapa kila siku kwa ajili yake. Huo uso wake hautasema kitu, lakini moyoni itamuua." Nikanyamaza, na safari hii haikuwa aibu. Jibu halikuwa limekwama kooni. Halikuwepo.

Tulimaliza kulifunga godoro. Aliponisindikiza mpaka barabarani alisema, "Usimwambie niliongeza sauti." Nimekwambia. Sitaki uende Sengerema ukiamini husikiki.

Kwa sababu ulisikika. Sisi watatu tuliokuzunguka tulikusikia, kila mmoja akafunga macho akidhani amesikia peke yake. Vitabuni nimesoma kwamba seli inaweza kupokea ujumbe na isifanye lolote, kwa sababu wakati huohuo inapokea ujumbe mwingine unaoizuia. Ujumbe haukupotea. Umefika, umepokelewa, na hakuna kilichotokea. Zamani nilipoisoma sentensi hiyo niliiona ni ya mtihani tu.

Huko unakokwenda watu watakujibia. Watasema ameshiba, amechoka, anataka kulala. Hawatakuwa na ubaya, watakuwa na haraka tu. Watoto wa pale watakuogopa uso mwanzoni. Nakuomba usiache kumalizia jibu lako, hata kama swali limeshapita na watu wamehamia habari za mvua. Litoe tu. Litawakuta wakinywa maziwa, watashangaa, lakini litawakuta. Na mimi nitakaporudi sijui sauti yako itakuwa imefikia wapi. Najua inashuka, haipandi. Huenda nitalazimika kuweka sikio mdomoni mwako. Huenda hata hapo nisisikie kitu. Naiandika hapa ili nisijidanganye.

Umeanza kujigeuza kwenye kochi, utaamka sasa hivi, na chakula hakijaiva. Niseme jambo moja tu la kesho.

Kesho pale Kamanga upande huu, kabla hujapanda, baba mkubwa atataka kuomba tena. Nimeamua kuzungumza kabla yake. Nitatetemeka kuliko wewe. Nitasema mbele yake na mbele ya Shangazi na mbele ya kila atakayekuja kusindikiza, "Mwanangu, unataka kwenda?" Kisha nitangoja, na nitawaambia wangoje. Pantoni ikipiga honi waache ipige. Utasema hutaki, na bado utapanda, kwa sababu nimetafuta pa kukuweka na sijapaona. Lakini utakuwa umeulizwa, utakuwa umejibu, na hakuna mtu atakayekuwa amefumba macho.

Minza